Kutu Haidanganyi: Land Rover ya Soitsambu kwa Kipimo cha 1 kwa 24

Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover. Lilikuwa tamasha, na lengo lake mojawapo lilikuwa kuvunja rekodi ya dunia ya msafara mrefu wa magari hayo, rekodi iliyokuwa mikononi mwa Wajerumani. Mengi yalikuja yameoshwa yakang'aa. Nilipenda, sikatai. Lakini Land Rover iliyopigwa puti na rangi mpya inasimulia nini? Vumbi likishaondoka, historia nayo imekwenda na maji ya sabuni.

Mimi niko upande wa pili wa biashara hii. Jioni, kazi ya habari ikiisha, najenga Land Rover chakavu, ndogo ya kukaa juu ya meza. Ni ile 109, "wan-o-naini", aina ya gari ambayo kwa miaka mingi ilibeba abiria, magunia na wagonjwa kwenye njia za Soitsambu, Wasso, Loliondo na Mto wa Mbu. Namba 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, yaani karibu mita 2.77. Kwa kipimo cha 1 kwa 24 inakuwa milimita 115, na gari zima halifiki sentimita 19.

Kujenga bodi ni kazi ya subira tu. Kuichakaza ndiko kunakohitaji kusoma historia.

Anza na kutu. Wengi wakitaka kigari kionekane kizee hupaka rangi ya kahawia milangoni. Kwa Land Rover huo ni uongo. Mwaka 1947, Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alipobuni gari hili, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgawo. Alumini ilipatikana kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo gari lililozinduliwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948 lilikuwa na chasisi ya chuma na bodi ya mchanganyiko wa alumini. Alumini haioti kutu nyekundu. Hubonyea, huchanika, hufifia ikawa kijivu. Kutu huanzia kwenye chasisi, kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na dereva, kwenye bawaba na fremu za milango. Vita vya Ulaya, basi, ndivyo vilivyoamua gari la Loliondo lizeeke namna gani.

Ndiyo maana bodi yangu nimeikata kwenye makopo ya soda. Alumini kwa alumini. Ukiibonyeza kwa ukucha inabonyea kama ile ya kweli.

Kisha rangi. Juu ya alumini napuliza spreyi ya nywele, ikikauka napaka kijani, halafu nailowesha maji na kuikwangua kwa kijiti. Pale nilipogusa rangi inabanduka na alumini inatokea. Suala ni kujua pa kugusa. Nilimuuliza mzee mmoja wa Soitsambu aliyeendesha 109 enzi zake. Hakusitasita.

"Mlango wangu, kijana, hapa juu. Kiwiko kilikaa hapo safari nzima. Halafu nyuma, wanapokanyaga watu kupanda. Boneti? Boneti inabaki nzuri, nani aikanyage?"

"Na ubavuni, mzee?"

"Ubavuni ni miiba. Mistari mirefu, yote inaelekea nyuma. Gari halirudi kinyumenyume porini."

Hakuna kitabu kilichonipa maelezo hayo.

Vumbi nalo lina ramani yake. Ukipitia Karatu unaondoka na udongo mwekundu. Ukipitia Engaruka, Ngare Sero na chini ya Ol Doinyo Lengai, unapakwa majivu ya volkano, ya kijivu kinachokaribia weupe. Gari la njia hizo huwa na tabaka, na jipya hukaa juu ya la zamani. Ila usimwage vumbi la kweli hivi hivi. Chembe ya mchanga ya robo milimita, kwa kipimo changu, ni kokoto ya milimita sita! Lazima lisagwe, lichujwe kwa soksi nyepesi ya nailoni, ndipo lipakwe kwa brashi.

Swali gumu kuliko yote: mwaka gani? Kigari cha mfano husimama siku moja tu. Ningeweza kuchagua 1959, mwaka ambao hifadhi ya Ngorongoro ilitengwa na Serengeti, na Wamaasai waliokuwa wakiishi Serengeti wakahamishwa. Mwaka huohuo alikufa Michael Grzimek katika ajali ya ndege yake yenye mistari ya pundamilia. Ndege hiyo ina picha, filamu na vitabu. Ningeweza kuchagua 2011, nchi ilipomiminika Samunge kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kunywa kikombe cha shilingi 500. Sisi waandishi tuliandika kikombe, magari tukayaita foleni.

Nimechagua Juni 2022. Mwezi huo serikali iliweka vigingi kutenga kilomita za mraba 1,500 za Loliondo kwa uhifadhi, kati ya 4,000 za pori tengefu la zamani. Askari polisi mmoja aliuawa, wakazi wakajeruhiwa, wengine wakavukia Kenya. Serikali ilisema inalinda mazalia ya wanyama na vyanzo vya maji. Wafugaji walisema hiyo ni ardhi ya vijiji vyao.

Sitaki kigari changu kiamue kesi hiyo. Nataka kiwe shahidi. Juu ya kibao nimeweka 109 iliyostaafu, iko juu ya mawe, haina tairi, imepakwa njia zote ilizopita. Mita chache mbele yake, kwa kipimo kilekile, kuna kigingi kipya.

Kigingi sikukichakaza. Hakijakaa pale muda wa kutosha.