Mazrui

Mazrui (pia al-Mazrui) ni jina la ukoo wa Mombasa wenye asili ya Oman, uliotawala mji huo kutoka Ngome ya Yesu tangu karne ya 18 hadi Sayyid Said wa nasaba ya Albusaidi alipouangusha mwaka 1837.

Baada ya kupoteza utawala, ukoo ulijulikana zaidi kwa elimu na uandishi. Sheikh Al-Amin bin Ali (1891–1947), Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937, alianzisha magazeti ya *Sahifa* (1930) na *Al-Islah* (1932), akaandika kwa Kiarabu historia ya ukoo wake. Uamuzi wake wa kuwafafanulia watu wa kawaida mambo ya dini kwa Kiswahili ulikuwa wa kijasiri na wa kudumu. Mwanawe, Ali Mazrui (1933–2014), mwanasayansi wa siasa aliyefundisha Makerere na Marekani, alitunga riwaya moja na kuandaa mfululizo wa televisheni wa 1986 kuhusu urithi wa pande tatu wa Afrika. Alizikwa katika makaburi ya ukoo, karibu na Ngome. Alamin Mazrui, mwanaisimu wa ukoo huohuo, aliandika tamthilia ya *Kilio cha Haki* (1981), kuhusu madai ya wafanyakazi wa shamba.