Chuo cha Atlanta na Mwanzo wa Elimu ya Jamii

Wengi hudhani kwamba elimu ya jamii ilizaliwa katika vyuo vikuu vya watu wenye nguvu, kisha ikagawiwa kwa wengine. Dhana hiyo ina kasoro. Baadhi ya kazi za mwanzo kabisa za elimu hii, yaani kuwaendea watu wenyewe, kuwauliza, kuhesabu na kulinganisha kabla ya kutoa hukumu, zilifanywa katika chuo maskini cha Wamarekani Weusi mjini Atlanta, jimbo la Georgia. Waliozifanya walikuwa walimu wachache, wanafunzi wao na wahitimu wao, na wengi miongoni mwao walikuwa wana na wajukuu wa watumwa.

Chuo Kikuu cha Atlanta kilianzishwa mwaka 1865, mwaka ule ule vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipomalizika na utumwa kupigwa marufuku nchini Marekani. Lakini kufikia miaka ya 1890 uhuru huo ulikuwa umekwisha pokonywa kwa sehemu kubwa. Sheria za majimbo ya kusini ziliwanyima Weusi kura na kuwatenga shuleni na garini. Wataalamu nao waliwaongezea wabaguzi silaha. Mwaka 1896 Frederick Hoffman, mtaalamu wa takwimu katika kampuni ya bima, alitoa kitabu kilichodai kwamba Weusi walikuwa wakifa kwa wingi kwa sababu ya maumbile yao, na kwamba mwisho wao ulikuwa kutoweka. Hakuna aliyekana kwamba vifo vilikuwa vingi. Hoja ilikuwa sababu yake.

Mwaka huo huo chuo cha Atlanta kilianza mikutano ya kila mwaka ya kuchunguza maisha ya Weusi mijini. Taarifa ya mwaka 1897 ilihusu watu 4,742 wa jamaa 1,137 katika miji 18. Habari hizo zilikusanywa na wahitimu wa Atlanta na wa vyuo vingine vya Weusi, ambao walikwenda nyumba kwa nyumba bila malipo. Hapo ndipo panapoonekana maana ya methali yetu: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wachunguzi hawa walikuwa wakiishi katika mitaa ile ile waliyoichunguza.

Mwaka 1897 kazi hiyo ilikabidhiwa W. E. B. Du Bois, kijana wa miaka 29. Alikuwa amesoma Berlin, na mwaka 1895 alikuwa Mmarekani Mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa falsafa katika chuo cha Harvard. Aidha, alikuwa ametoka kuchunguza kata moja ya mji wa Philadelphia yenye wakazi Weusi zaidi ya 9,000, kazi iliyotolewa kuwa kitabu mwaka 1899. Huko Atlanta alipanga mpango wa ajabu: kila mwaka lichunguzwe jambo moja, na baada ya miaka kumi mambo yale yale yarudiwe, hivyo hivyo hadi itimie miaka 100. Kwa utaratibu huo zilitoka taarifa juu ya biashara (1899), wasomi wa vyuo (1900), shule za msingi (1901), mafundi (1902), kanisa (1903), afya (1906) na jamaa (1908).

Kwa ajili ya maonyesho ya dunia ya Paris ya mwaka 1900, Du Bois na wanafunzi wake walichora kwa mkono michoro ya rangi ipatayo 60. Michoro hiyo ilionyesha idadi ya watu, ardhi, mali, kazi na elimu ya Weusi, na kazi hiyo ilimpatia Du Bois medali ya dhahabu. Taarifa ya afya ya mwaka 1906 nayo ilimjibu Hoffman: tofauti ya vifo ilitokana na hali ya maisha, wala si rangi. Kifua kikuu, ilisema, ni ugonjwa wa jamii. Nyumba, usafi, elimu na kipato vikitengenezwa, vifo vitapungua.

Hata hivyo, ukweli peke yake haukutosha. Mwezi Aprili 1899 kundi la Wazungu wa Georgia lilimchoma moto Sam Hose, Mtu Mweusi, bila kumfikisha mahakamani. Du Bois alikuwa njiani kupeleka barua gazetini aliposikia kwamba vifundo vya vidole vya marehemu vilikuwa vimewekwa dukani kama maonyesho. Alirudi nyumbani. Baadaye alieleza kwamba siku hiyo alitambua kuwa mtu hawezi kukaa kimya kama mwanasayansi huku watu wake wanauawa. Mwaka 1906 yeye na wenzake, akiwamo Monroe Work, waliifanyia serikali ya Marekani uchunguzi mkubwa katika wilaya ya Lowndes, Alabama, mahali ambapo wachunguzi walipigiwa risasi. Serikali ilikataa kuichapisha taarifa ile, kisha ikaharibiwa. Jasho la watafiti likapotea hivyo.

Mwaka 1910 Du Bois aliondoka ili kupigania haki kwa kalamu ya mhariri. Taarifa ziliendelea kwa miaka michache, kisha zikakoma. Mpango wa miaka 100 haukufikia hata robo. Alirudi mwaka 1934 kuongoza idara ya elimu ya jamii, chuo kikiwa sasa cha shahada za juu, na mwaka 1940 akaanzisha jarida la Phylon. Kwa miaka mingi vitabu vya kufundishia viliitaja Chicago na kuinyamazia Atlanta, mpaka wanahistoria wa elimu hii walipoanza kuirudishia heshima yake.

Kisa hiki kinatuhusu sisi Waafrika. Mwaka 1906 Franz Boas, mtaalamu wa elimu ya binadamu, alihutubia mahafali ya Atlanta, akaeleza habari za ufuaji wa chuma na falme za Afrika. Du Bois alisema baadaye kwamba alipigwa na butwaa, kwa kuwa hakuwahi kufundishwa hayo popote. Mwaka 1915 alitoa kitabu cha historia ya watu Weusi kilichoanzia Afrika. Ndiye aliyeongoza mikutano ya Umoja wa Afrika tangu mwaka 1919. Ule wa Manchester wa mwaka 1945 ulihudhuriwa na Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta, na wa sita ulifanyika Dar es Salaam mwezi Juni 1974. Yeye mwenyewe alifariki Accra mwaka 1963, akiwa na miaka 95.

Haba na haba hujaza kibaba. Wahitimu wale wa mwaka 1897 hawakuwa na fedha wala vyombo; walikuwa na karatasi, kalamu na majirani walio tayari kuwafungulia mlango. Mwanafunzi wa sekondari anayehesabu visima vya kijiji chake, au kuandika habari za wazee wa ukoo wake, yumo katika kazi hiyo hiyo. Taifa lisilojichunguza litaelezwa na wengine, na maelezo hayo yaweza kuwa kama yale ya Hoffman.