Swali Kwanza, Mashine Baadaye: Kupima Malaria Bagamoyo

Historia ya kupima malaria katika pwani yetu husimuliwa kama ngazi: hadubini chini, mashine ya kunakili vinasaba juu. Ngazi hiyo inapotosha. Kila chombo kilikuja kwa sababu swali lilikuwa limebadilika. Daktari Mjerumani Robert Koch alipofika Dar es Salaam mwaka 1897, swali lilikuwa la tabibu: je, homa hii ni malaria? Hadubini ilitosha, na rangi ya Giemsa ya mwaka 1904 ikaifanya iaminike zaidi. Hadi leo mtaalamu wa maabara hutandaza tone nene la damu, hulikausha, hulitia rangi hiyo, kisha huhesabu vimelea huku akihesabu seli nyeupe mpaka zifike 200. Hata majaribio makubwa ya chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, yaliyoanza mwaka 2009 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Bagamoyo ikiwemo kupitia Taasisi ya Afya Ifakara, yaliegemea hadubini. Mtoto alihesabiwa kuwa mgonjwa akiwa na homa pamoja na vimelea zaidi ya 5,000 katika mikrolita moja ya damu.

Swali liligeuka pale Bagamoyo ilipoanza kuwachoma sindano ya vimelea hai Watanzania waliojitolea, chini ya uangalizi mkali, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014. Sasa ilibidi kujua vimelea vinaanza lini kuongezeka, vingali vichache mno kwa jicho. Hapo ndipo ilipofaa mashine ya kunakili vinasaba, yaani PCR, ya aina inayosomwa kwa mwanga, mbinu iliyobuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kipande kifupi cha vinasaba hubeba rangi upande mmoja na kizima-mwanga upande wa pili. Kimeng'enya kinaponakili vinasaba vya kimelea hukikata kipande hicho, na rangi ikiachwa huru hung'aa. Nakala huongezeka karibu maradufu kila mzunguko, kwa hiyo mwanga unaowahi kuonekana ni dalili ya vimelea vingi. Kipimo hicho huweza kuvinasa siku kadhaa kabla ya hadubini.

Wapo wanaosema mashine hii ni anasa: inataka umeme usiokatika na kemikali zinazotunzwa kwenye baridi, ilhali mgonjwa wa kijijini kama Kiwangwa anataka jibu leo. Kwa zahanati wana haki kabisa, maana kipimo cha haraka humjibu kabla hajaondoka. Tena vinasaba vinaweza kubaki kwenye damu baada ya vimelea kufa, kwa hiyo mwanga peke yake hautoshi kumpa mtu dawa. Lakini mtu asiye na homa, mwenye vimelea vichache, bado anaweza kumwambukiza mbu, na anayetaka kuitokomeza malaria hawezi kumwacha nje ya hesabu. Kwa hiyo mashine zipewe kazi ya chanjo na utokomezaji, na fedha za kuwafundisha wasomaji wa slaidi zisipunguzwe hata shilingi moja kwa ajili ya mashine hizo.