Chikungunya: Neno la Newala linalodhaniwa kuwa la Kiswahili

NENO chikungunya hutamkwa leo na madaktari wa Brazil, India, Italia na visiwa vya Karibi, kila mmoja kwa namna yake. Wachache kati yao wanajua kuwa neno hilo lilitoka juu ya uwanda wa Makonde, katika wilaya za Newala na Masasi, kusini mwa Tanzania. Na hata wale wanaojua kuwa limetoka Afrika Mashariki, mara nyingi huandika kuwa ni neno la Kiswahili. Si la Kiswahili. Ni la Kimakonde.

Katika Kimakonde kiambishi chi- hufanya kazi ile ile inayofanywa na ki- katika Kiswahili. Mzizi wa neno ni kitenzi kungunyala, ambacho maana yake ni kukauka na kupindika. Kwa hiyo chikungunya ni kile kinachomkunja mtu, na aliyewahi kumwona mgonjwa wake akijaribu kushuka kitandani asubuhi hahitaji kufafanuliwa zaidi. Kosa la kulihesabu kuwa neno la Kiswahili linaeleweka, kwani sikio la Mswahili husikia humo kukunja, kukunyata na hata kunyanzi. Lugha hizi mbili ni ndugu. Lakini undugu si umiliki, na heshima ya kuupa ugonjwa huu jina ni ya Wamakonde.

Jina hilo liliingia katika maandishi ya kitabibu kutokana na mlipuko uliotokea mwaka 1952 na kuendelea hadi 1953, katika eneo ambalo wakati wa utawala wa Waingereza liliitwa Jimbo la Kusini. Watu wa vijiji vingi walishikwa na homa kali ya ghafla, vipele na maumivu ya viungo yaliyowafanya washindwe kusimama wima. Daktari Marion Robinson alieleza dalili zake katika makala iliyotoka mwaka 1955. Mwaka huo huo W. H. R. Lumsden, mtafiti wa taasisi ya virusi ya Entebbe nchini Uganda, alieleza namna ugonjwa ulivyoenea. Mwenzake, R. W. Ross, alikuwa amefanikiwa mwaka 1953 kukitenga kirusi chenyewe kutoka katika damu ya mgonjwa, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1956.

Mwanzoni ilidhaniwa kuwa ni dengue, kwa kuwa dalili zilifanana mno. Maabara ndiyo iliyoonyesha kuwa ni kirusi kingine kabisa, tena cha ukoo mwingine.

Kwa nini Newala? Jibu linaanzia kwenye maji. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito. Mvua inyeshapo maji huzama ardhini na kwenda kutokea kwenye chemchemi za chini, pembezoni mwa miteremko. Kwa vizazi vingi akina mama walishuka miteremko hiyo na kupanda tena na mzigo kichwani, safari ya saa kadhaa kwa mtungi mmoja. Maji yaliyopatikana kwa taabu kiasi hicho hayamwagwi. Yaliwekwa ndani ya nyumba siku baada ya siku, na mtungi uliongezwa maji kabla haujakauka. Lumsden alipochunguza mitungi hiyo alikuta humo viluwiluwi vya mbu aitwaye Aedes aegypti.

Mbu huyo si yule wa malaria. Ni mweusi, mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, na hupenda maji safi yaliyotulia karibu na watu kuliko madimbwi ya shambani. Wala asichanganywe na usubi, wale wadudu wadogo zaidi wanaowashinda watu kukaa nje jioni. Mayai yake hushikamana na ukuta wa chombo na yanaweza kukaa makavu kwa miezi, kisha yakaanguliwa maji yanaporudi. Ndiyo maana kumwaga maji peke yake hakutoshi. Chombo hakina budi kusuguliwa ndani.

Hata hivyo, historia ya majina haikuanzia Newala. Zaidi ya miaka 80 kabla ya mlipuko huo, mwaka 1870, Zanzibar ilikumbwa na homa ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo, kwa maana ya mkakamao wa ghafla unaoletwa na pepo. Wazee wa wakati huo walikumbuka kuwa iliwahi kufika pia mwaka 1823. Habari hizo ziliandikwa na James Christie, tabibu Mwingereza aliyekuwa akiishi Unguja.

Wataalamu wengi wanaamini kuwa jina hilo ndilo lililovuka bahari. Visiwa vya Karibi vilipopata homa kama hiyo mwaka 1827 na 1828, waliosema Kihispania walilisikia neno la Waafrika kuwa dengue, neno ambalo tayari walikuwa nalo kwa maana ya madaha na kujishaua. Waliosema Kiingereza nao wakaiita homa ya watanashati, kwa jinsi wagonjwa walivyotembea wamekakamaa kama watu wanaojionyesha. Sauti zilifanana, kila kabila likapata maana yake.

Mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alizua jambo lililowashangaza wengi. Alipozisoma upya habari za Zanzibar, aliona maumivu ya viungo yaliyodumu na kurudi muda mrefu baada ya homa kuisha, jambo ambalo ni alama ya chikungunya zaidi kuliko dengue. Kama hoja yake ni sahihi, basi dunia imechukua jina la Kiswahili la ugonjwa mmoja na kuupa ugonjwa mwingine, na ule wa kwanza ukabaki bila jina hadi Wamakonde walipoupatia lao. Katika kamusi za Kiswahili dengue huitwa kidingapopo. Pepo amegeuka popo, ingawa popo hahusiki hata kidogo na kuueneza.

Mwaka 1959 kaskazini mwa Uganda ukazuka ugonjwa mwingine wa jamaa hiyo, ambao Waacholi waliuita o'nyong-nyong, yaani kulegea kwa viungo. Huu huenezwa na mbu wa malaria, na hadi mwaka 1962 ulikuwa umewapata watu wapatao milioni mbili. Zika nayo ilipewa jina la msitu ulio karibu na Entebbe, ambako kirusi chake kiligunduliwa mwaka 1947. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2015 wa kutoyapa magonjwa mapya majina ya mahali, kwa kuwa huwatia wenyeji doa. Kwa kipimo hicho wazee wa Newala walikuwa wametangulia: hawakuutaja mji wala kabila, walitaja maumivu.

Chikungunya ilitulia kwa vipindi virefu, kisha ikaibuka Lamu mwaka 2004. Ulikuwa wakati wa ukame, na watu waliweka maji majumbani kama walivyofanya Newala. Uchunguzi wa baadaye ulikadiria kuwa robo tatu ya wakazi wa mji huo waliambukizwa. Mwaka 2005 ilifika Komoro, kisha Réunion, ambako takriban theluthi moja ya watu waliugua. Huko kirusi kilibadilika kidogo na kuweza kuenezwa vizuri na mbu wa aina nyingine, Aedes albopictus, anayestahimili baridi. Ndivyo kilivyofika Italia mwaka 2007. India ilirekodi zaidi ya watu milioni moja waliodhaniwa kuugua mwaka 2006, na kwa kuwa neno lilisikika kama "chicken", yaani kuku, wapo walioacha kula kuku. Mwishoni mwa 2013 ilivuka hadi Karibi.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, jiji lililopata milipuko ya dengue mwaka 2014 na 2019, suala la jina si la kamusi tu. Homa yoyote huitwa malaria, na dawa ya malaria humezwa kabla ya kipimo. Kipimo kikionyesha kuwa si malaria, wataalamu hushauri mgonjwa apumzike, anywe maji mengi na atumie parasetamoli, si aspirini wala ibuprofeni, mpaka ithibitike kuwa si dengue, kwani dawa hizo zinaweza kuzidisha kuvuja damu. Chikungunya huua mara chache, ila baadhi ya wagonjwa huumwa viungo kwa miezi kadhaa.

Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2023, lakini kibali chake kilisimamishwa huko mwaka 2025 kutokana na madhara yaliyoripotiwa. Ya pili iliidhinishwa Februari 2025 kwa watu wa kuanzia miaka 12. Waliyoitengeneza waliipa jina la Vimkunya, wakiokoa silabi mbili za neno la Kimakonde. Hawakujua, yaelekea, kuwa silabi hizo zikisimama peke yake katika Kiswahili hazitamkwi mbele ya wakwe.