Ngazi ya Tom Nero

Safari yangu ilianzia kwenye picha. London, 1751: michoro minne, iliyokusudiwa kuwafikia watu wa kawaida wa mitaani. Katika wa kwanza, kijana Tom Nero anamtesa mbwa kwa mshale. Katika wa pili amekuwa mwendesha gari, na anampiga farasi aliyevunjika mguu. Katika wa tatu ameua mwanamke mjamzito. Katika wa nne amekwisha kunyongwa, na maiti yake inapasuliwa. Wahenga wetu wangesema mwanzo wa ngoma ni lele. Lakini je, kila lele huzaa ngoma?

Niliurudia mchoro wa kwanza, polepole. Mtaa umejaa wavulana. Hawa wamewaning'iniza paka, wale wanamlenga jogoo. Mmoja anamsihi Tom amwache mbwa, akimtolea chakula chake mwenyewe. Ukatili ni wa mtaa mzima, kitanzi ni cha Tom peke yake. Wale wengine waliishia wapi?

Michoro haijibu. Nikavuka miaka zaidi ya 200 hadi Denver, Marekani. Mwaka 1963, daktari wa akili aliandika kuhusu wagonjwa 100 waliotishia kuua. Kwa baadhi ya walio wakali sana aliona dalili tatu za utotoni: kutesa wanyama, kuwasha moto ovyo, na kukojoa kitandani hata baada ya kukua. Orodha hiyo ikaenea kama kanuni. Daktari huyohuyo alipoipima tena baadaye, hakupata uthibitisho. Hapo njia ilikatika. Ni watoto wangapi waliogopwa bure kwa sababu ya godoro lililolowa?

Nilikaribia kukata tamaa, kisha nikafika Massachusetts, 1999. Watafiti walifukua kumbukumbu za watu 153 walioshtakiwa kwa kutesa wanyama, wakawalinganisha na majirani 153. Watesaji walikuwa wamewadhuru watu mara nyingi zaidi kuliko majirani zao. Lakini walizidi pia kwa wizi na kwa dawa za kulevya. Tena, si lazima mnyama awe ndiye aliyeanza kuteswa. Mara nyingine binadamu ndiye aliyetangulia. Uhusiano ulisimama, lakini ngazi ya kupanda kutoka kwa mnyama hadi kwa binadamu ikaanguka. Kama si ngazi, ni kitu gani?

Nilirudi nyuma mwaka mmoja, hadi Utah. Huko waliulizwa wanawake 38 waliokimbilia makazi ya wanaopigwa nyumbani. Ni wachache, kwa hiyo nilizisoma hesabu zao kwa tahadhari. Kati ya waliofuga wanyama, asilimia 71 walisema mwenzi wao alimtishia, alimuumiza au alimuua mnyama wao. Wapo waliochelewa kuondoka kwa kuhofia usalama wa mnyama wao. Karibu theluthi ya waliokuwa na watoto walisema hata watoto wao walikuwa wamemuumiza mnyama. Hapa sikuona ngazi. Niliona nyumba moja, na mkono mmoja unaompiga kila aliye dhaifu. Watoto hao walikuwa wakijifunza kutoka kwa nani?

Nikamtazama Tom kwa mara ya mwisho. Mkononi ana alama ya parokia: ni mtoto anayeishi kwa sadaka. Tumeonyeshwa alichomfanyia mbwa, lakini yeye alifanyiwa nini hatukuonyeshwa. Kwa muda mrefu tumemuuliza mtoto wa namna hii atakuja kumuua nani. Kesho tukimkuta mtoto wa jirani akimpiga mbwa, nani kati yetu atakaa naye chini na kumuuliza: nyumbani kwenu, nani anapigwa?