Jina na Makao: Tarikhi ya Fyuzi na Relei katika Pikapu za Mizigo Mizito

Ukiinua boneti ya pikapu ya Marekani iliyoundwa kwa mizigo mizito, kama vile Ford F-250 au F-350, utaona kisanduku cheusi cha plastiki ambacho ndani yake fyuzi na relei zimesimama kwa safu, kila moja katika tundu lake na chini ya nambari yake. Na ukiinama chini ya dashibodi, upande wa dereva, utakuta aghalabu kisanduku cha pili, chenye kulinda redio, wepa, taa za ndani na saa za kupimia. Mtazamaji asiyezoea huona rangi na tarakimu tu, ilhali fundi huona mji wenye mitaa, ambao kila mkazi wake ana jina na makao. Tartibu hiyo haikuzaliwa pamoja na gari. Ilijengwa kidogo kidogo kwa muda wa zaidi ya karne moja na nusu, na tarikhi yake yathibitisha jambo ninaloliamini kwa dhati: kwamba kuulinda waya usiungue ni nusu tu ya wajibu wa mtengenezaji, na nusu ya pili ni kumwachia fundi asiyemjua, katika nchi asiyopata kuiona, maarifa ya mahali pa kila mlinzi na kazi yake.

Asili ya vitu hivi viwili, fyuzi na relei, ni telegrafu. Mwaka 1820 Hans Christian Ørsted, mtaalamu wa Denmark, alibainisha kwamba waya unaopitisha umeme huigeuza sindano ya dira. Mwaka 1825 Mwingereza William Sturgeon alizungusha waya juu ya chuma akakifanya sumaku ya kuwashwa na kuzimwa kwa hiari ya mtu. Na mwaka 1835 Joseph Henry, aliyekuwa mwalimu huko Princeton katika Marekani, aliutumia mkondo dhaifu uliotoka mbali kuiamrisha sumaku ifunge na kufungua njia ya mkondo wenye nguvu. Hiyo ndiyo relei, na kanuni yake haijabadilika hata leo: kidole cha dereva hugusa swichi ndogo, umeme mchache huzunguka katika koili, ulimi wa chuma huvutwa, na umeme mwingi hupita kwenda kwenye taa kubwa, honi au pampu ya mafuta bila ya kuibebesha swichi ile mzigo usioumudu.

Fyuzi nayo ilitokana na hofu ya radi. Nyaya za telegrafu zilizotandazwa juu ya nguzo zilikuwa zikiileta radi mpaka ndani ya ofisi, ikaunguza vyombo na kuwahatarisha makarani. Kwa sababu hiyo, mwaka 1847, Mfaransa Louis Breguet, mtu wa nasaba ya watengenezaji saa, alishauri kwamba kabla ya kuingia ofisini waya ule uunganishwe na kipande kilicho chembamba zaidi, ili msiba ukija uishie hapo. Pwani yetu haikuwa mbali na ilimu hiyo, maana mwaka 1879, katika zama za Sayyid Barghash, waya wa telegrafu uliolazwa chini ya bahari kutoka Aden ulifika Unguja ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban, kabla hata ya gari la kwanza kukanyaga mchanga wa Afrika ya Mashariki.

Hikima ya Breguet ilikuwa na msingi ambao James Prescott Joule alikuwa ameuchapisha mwaka 1841, kwamba joto linalozalika katika waya huongezeka kwa mraba wa mkondo: mkondo ukizidi mara mbili, joto huzidi mara nne. Kwa hiyo kipande chembamba cha madini yanayoyeyuka upesi, kikipimwa barabara, hukatika kabla waya mnene ulio nyuma yake haujaanza kuchoma mpira wake. Thomas Edison, alipokuwa akipeleka umeme katika nyumba za New York tangu mwaka 1882, alihitaji kulinda nyumba na mitaa dhidi ya moto, na mwaka 1890 alipata hataza ya kishikizo cha fyuzi ambacho mtu angeweza kukitengeneza bila ya kuvunja kazi nzima. Hapo ndipo fyuzi ilipopata makao: ikawa kitu cha kutolewa na kurudishwa, chenye mahali panapojulikana.

Magari ya mwanzo yalikuwa na umeme mchache, na uchache huo uliyafanya yadharau ulinzi. Mwaka 1912 Cadillac ilileta gari linalowashwa kwa stata ya Charles Kettering badala ya mkono, na mwaka 1919 stata ikaanza kupatikana katika Ford Model T, gari la watu wa kawaida. Pamoja nayo ilikuja jenereta, na juu ya jenereta ikafungwa relei moja, ambayo kazi yake ilikuwa kuiunganisha jenereta na betri injini ikizunguka na kuitenga injini ikisimama, ili betri isijimwage kurudi nyuma. Model T hiyo ndiyo iliyozaa pikapu: mwaka 1917 lilitoka gari la tani moja lililoitwa Model TT, na mwezi Aprili 1925 Ford iliuza kwa dola 281 gari lenye bodi ya mizigo iliyoundwa kiwandani. Lakini magari hayo, pamoja na Model A iliyofuata mwaka 1927, yalitoka kiwandani bila ya fyuzi. Na wamiliki wengi wa Model A walioihifadhi hadi leo wameongeza fyuzi moja karibu na stata kwa hiari yao, maana waya uliochakaa haumhurumii mtu.

Taa, honi, wepa na redio zilipoongezeka, ilikuja fyuzi ya kioo, na katika Marekani ilikuja na busara inayostahili kukumbukwa. Fyuzi za namna ya SFE zilikuwa na unene mmoja, wallakini urefu wake ulitofautiana kwa mujibu wa nguvu: ile ya ampia 20 ilikuwa na inchi moja na robo, na ile ya ampia 9 haikutimiza hata inchi moja. Mtu aliyetaka kutia fyuzi kubwa mahali pa ndogo alizuiwa na chombo chenyewe. Taa kubwa, ambazo kuzimika kwake ghafla usiku kungeweza kumuua dereva, aghalabu hazikupewa fyuzi bali kikata umeme kilichojengwa ndani ya swichi, kinachokatika kwa joto na kujirudisha kikipoa, hata dereva akabakiwa na mwanga wa kupepesa wa kumfikisha kando ya njia. Huku kwetu, Land Rover za Uingereza za miaka ya 1960, ambazo zilihudumia mashamba, misheni na serikali, zilikuwa na fyuzi mbili tu za ampia 35. Na fundi aliyezijua hizo mbili, pamoja na rangi za nyaya, alikuwa ameijua sehemu kubwa ya umeme wa gari zima.

Katikati ya miaka ya 1950 watengenezaji wa Marekani walihama kutoka volti 6 hadi volti 12, na pikapu ikaanza kuacha kuwa gari la shamba peke yake. Ilivuta matela yenye taa na breki za umeme, ilibeba vyumba vya safari mgongoni, ikatiwa kipoza hewa na winchi. Waya mnene unaotoka kwenye betri ulilindwa kwa kipande cha waya wa kuyeyuka, ambacho kwa kawaida kilikuwa chembamba kwa vipimo vinne kuliko waya unaolindwa. Kilikuwa mlinzi mwaminifu lakini aliyefichika, maana hufungwa ndani ya mpira usioonyesha jeraha, na fundi hakijui kimekufa ila akikivuta na kukiona kikivutika kama mpira. Relei ya stata ya Ford, kinyume chake, ilikaa wazi juu ya ubavu wa ndani wa boneti karibu na betri kwa miongo mingi, hata fundi wa kijijini akaijua mahali pake bila ya kuambiwa.

Mageuzi makubwa yalitokea katikati ya miaka ya 1970, pale kampuni ya Littelfuse ya Marekani ilipoleta fyuzi ya plastiki yenye miguu miwili bapa, ambayo mwishoni mwa muongo ule ilianza kuiondoa fyuzi ya kioo. Ndani ya plastiki angavu jeraha lilionekana kwa macho, na rangi ikawa lugha: kahawia ni ampia 7.5, nyekundu 10, buluu 15, manjano 20, kijani 30. Hata hivyo kulikuwa na hasara ndani ya faida, kwa kuwa fyuzi zote za ukoo huo zina umbo moja, na kizuizi cha urefu kilichokuwa katika kioo kikatoweka. Ulinzi ukaachwa katika adili ya mkono unaoibadilisha. Fauka ya hayo, ukoo mkubwa unaotumika kwa mizigo mizito una hesabu yake mbali: humo nyekundu ni ampia 50 na buluu ni 60. Fundi asome tarakimu iliyochapwa mgongoni mwa fyuzi, asitosheke na rangi.

Relei ilipata majina yake Ujerumani, katika kanuni ya DIN 72552, ambayo mafundi wa dunia nzima, hata wasiojua kanuni hiyo kwa jina, huisoma kila siku. Namba 85 na 86 ni ncha za koili. 30 ndiko umeme wa betri unakoingia. 87 ndiko unakotokea relei inapovutwa. Na 87a, kama ipo, ndiko unakotokea relei inapopumzika. Koili hula mkondo usiofika hata robo ya ampia, ilhali midomo yake hupitisha ampia 30 au 40. Kwa maarifa hayo uchunguzi huwa na tartibu: kwanza ramani isomwe, ipatikane nambari ya fyuzi; kisha testa iguse ncha mbili ndogo za chuma zilizo juu ya fyuzi: ikiwaka kwenye zote mbili fyuzi ni nzima, ikiwaka kwenye moja tu fyuzi imekatika, na isipowaka kwenye yoyote umeme haujafika. Baadaye relei ibadilishane nafasi na mwenzake wa namna ile ile anayefanya kazi, na hitilafu ikihama pamoja nayo, ithibati imepatikana. Na fyuzi mpya ikikatika tena papo hapo, dawa si fyuzi kubwa zaidi bali ni kuutafuta waya ulipopiga shoti.

Pikapu za mizigo mizito ndizo zilizofanya elimu ya mahali kuwa ngumu kupita zote. Katika zile Ford zenye injini ya dizeli ya lita 7.3 zilizotoka tangu mwaka 1994, relei ya plagi za kupasha joto haimo kisandukuni kabisa; imefungwa juu ya injini yenyewe, kwa kuwa hupitisha ampia zaidi ya 100 na haifai kusafirisha mkondo huo mbali. Mtu anayeitafuta ndani ya kisanduku ataitafuta asubuhi hadi jioni. Tena gari la jina moja hubadilishiwa ramani mwaka hadi mwaka, na la dizeli halifanani na la petroli, hata kifuniko cha kisanduku cha gari moja, chenye ramani yake, kikifunikwa juu ya jingine humpoteza fundi.

Katika gereji zetu upotevu huo tunaujua. Magari hutufikia yamekwisha tumika, vifuniko vimepotea, na kitabu cha gari kilichotoka Japani kimeandikwa kwa lugha isiyosomeka hapa. Hapo ndipo mtu hushawishika kuziba tundu la fyuzi kwa kipande cha waya, na moto ambao Breguet aliukatia njia hupewa njia upya. Sihesabu jambo hilo kuwa ujinga wa fundi peke yake, kwa maana aliyenyimwa jina na makao amenyimwa nyenzo.

Tangu kampuni ya Bosch ilipoutangaza mtandao wa CAN, unaounganisha kompyuta za gari, mjini Detroit mwaka 1986, swichi ya dereva imezidi kuwa mtoa habari kwa kompyuta, na katika baadhi ya magari relei zimechomelewa ndani ya ubao usiofunguliwa. Ubao huo huhisi mkondo ukizidi na kuukata wenyewe, na hilo ni jema. Lakini ikiharibika relei moja, hubadilishwa ubao wote. Insafu yataka kila chombo kinachouzwa kifuatane na ramani yake kamili, wazi kwa kila anayekimiliki. Na sisi kwa upande wetu tuna la kufanya bila ya kumngoja mtu: kila fundi umeme anayefungua kisanduku aandike alichokiona, kwa Kiswahili, kwa nambari, rangi na kazi, abandike ndani ya kifuniko na kuweka nakala katika daftari la gereji, na vyuo vya ufundi vya VETA na gereji za jua kali vifundishe kuandika huko kama vinavyofundisha kukaza nati.