Mwanga wa Kando: Daftari ya Babu, Nyangwe 1871, na Flashi Isiyo na Waya

Leo siandiki juu ya mihogo wala mbegu. Naanza na daftari.

Babu yangu, mzaa baba, alilima pamba ya lazima wakati wa Wabelgiji. Alikuwa na daftari ndogo ambamo aliandika kwa kreyo kila kilo aliyopeleka sokoni na kila franka aliyopewa. Alipokufa, daftari ikabaki ndani ya sanduku la bati. Mwaka jana nikaifungua: kurasa zimekuwa za manjano, maandishi karibu yote yamefutika. Nikapiga picha na simu, flashi ikawaka usoni mwa karatasi, na picha ikatoka nyeupe tupu. Nikajisemea, basi, imekufa.

Rafiki yangu mmoja anayepiga picha za ndoa na za kolasio akacheka. Akafunga apareyi juu ya miguu mitatu, ikitazama daftari chini. Flashi akaiweka pembeni, juu ya meza, chini kabisa, karibu ilale sawa na karatasi. Hakuna waya kati ya flashi na apareyi. Akabonyeza. Flashi ikawaka kule pembeni, na kwenye kioo tukaona: « kilo 34 ». Chini yake, « kilo 29 ». Wino wa kreyo ulikuwa umekwenda, lakini mkono wa babu ulikuwa umekandamiza karatasi. Ile mifereji midogo ilibaki, na mwanga wa kando ukaitia kivuli. Mwanga wa mbele unafuta kivuli. Mwanga wa kando njo unakileta.

Kuanzia siku ile nikataka kujua: nani alifundisha flashi kuwaka mbali na apareyi, bila waya? Na jibu lilinirudisha mpaka kwetu Nyangwe.

Kwanza, namna inavyofanya kazi. Apareyi ina pazia inayofunguka kwa muda mfupi sana, tuseme sehemu moja ya 200 ya sekunde. Flashi yenyewe inawaka kwa muda mfupi kuliko huo, mara nyingi chini ya sehemu moja ya 1,000. Kwa hiyo flashi lazima iwake wakati pazia iko wazi kabisa. Ikichelewa kidogo tu, nusu ya picha inakuwa giza. Ukiwa na waya ni rahisi. Bila waya kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza: flashi ya mbali ina kijicho, ikiona flashi nyingine imewaka, na yenyewe inawaka. Ni nzuri ndani ya nyumba, lakini nje kwenye jua kali kijicho kinapofuka, na tena kwenye ndoa flashi ya mjomba yeyote inaweza kuwasha ya kwako. Ya pili ni redio: telekomandi ndogo juu ya apareyi inatuma amri, mara nyingi kwa gigahezi 2.4, sawa na Wi-Fi. Amri inabeba namba ya kanali, ili flashi yako isitii telekomandi ya mwingine. Redio inapita ukuta na haiogopi jua. Na haichelewi: mita 30 inazimaliza kwa sehemu moja ya milioni kumi ya sekunde.

Zamani haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa karne ya 20 flashi ilikuwa unga wa magnezi unaolipuka kwa moto na moshi. Mjerumani Carl Georg Schillings aliileta Tanzania ya leo, kwenye nyika za Wamasai upande wa Kilimanjaro. Alitaka picha za simba usiku. Alifunga ng'ombe ao punda kama chambo, akatega apareyi na flashi, akanyosha uzi. Simba akija, anagusa uzi, unga unalipuka, picha inapigwa, na mzungu hayuko pale. Kitabu chake kilitoka mwaka 1905 na kikajulikana sana Ulaya. Angalia vizuri: tayari mwanga ulianza kuwaka bila mkono wa mpiga picha. Lakini uzi ulikuwepo bado.

Uzi ukaja kukatwa na redio, na redio ilifika kwetu mapema kuliko wengi wanavyofikiri. Mfalme Albert wa Ubelgiji alimuunga mkono mhandisi Robert Goldschmidt, na kati ya 1911 na 1913 vituo vya telegrafu isiyo na waya vikajengwa ndani ya Kongo. Kindu ilipata kituo. Kongolo ilipata kituo. Nyangwe na Kasongo ziko katikati ya hizo mbili! Mashine za wakati ule zilituma kwa cheche za umeme: cheche inaruka huku, na kule mbali chombo kinasikia. Ile njo kanuni ya telekomandi ya rafiki yangu: huku kitu kidogo kinatoa amri, kule kitu kingine kinatii, na katikati kuna hewa tu. Wazee wetu waliopiga ngoma za habari kando ya Lualaba wasingeshangaa sana.

Sasa tuje Nyangwe yenyewe.

David Livingstone alifika Nyangwe mwishoni mwa mwezi wa tatu, 1871. Alitafuta mitumbwi ya kushuka Lualaba, hakupata. Akakwama kwa miezi. Karatasi zilimwishia, wino ulimwishia. Akachukua gazeti la zamani la London, The Standard, akaandika juu ya maandishi yaliyochapwa, akiligeuza ili mistari yake ikate mistari ya gazeti. Wino aliutengeneza kwa maji ya mmea wa hapa kwetu.

Tarehe 15 mwezi wa saba 1871, siku ya soko, alikuwa pale. Watu kama 1,500 walikuwa wamekuja, wengi wao wanawake. Watu wa mfanyabiashara Dugumbe waliingia na bunduki, wakaanza kufyatua risasi ndani ya soko. Watu wakakimbilia mitumbwi, mitumbwi ikapinduka, wengi wakazama mtoni. Waarabu wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Siku chache baadaye Livingstone akaondoka kurudi Ujiji, na huko Stanley akamkuta. Habari ya Nyangwe ikafika London mwaka 1872, ikaongeza hasira dhidi ya biashara ya watumwa. Tarehe 5 mwezi wa sita 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa la Zanzibar.

Lakini habari iliyosomwa na dunia haikuwa ile ya gazeti. Livingstone aliinakili baadaye kwenye daftari kubwa, na baada ya kifo chake rafiki yake Horace Waller akaichapisha mwaka 1874. Zile karatasi za kwanza, zilizoandikwa Nyangwe kwenyewe, zilibaki Scotland. Wino wa mmea ulififia, ukapita upande wa pili wa karatasi, na chapa nyeusi ya gazeti ikaufunika. Kwa karibu miaka 140 hakuna aliyeweza kuzisoma vizuri.

Kundi la watafiti likiongozwa na Adrian Wisnicki lilianza na barua ambayo Livingstone alimwandikia Waller kutoka Bambarre, yaani Kabambare yetu, kisha likaenda kwenye karatasi za Nyangwe. Walifanya nini? Kile kile alichofanya rafiki yangu, kwa vyombo vikubwa zaidi. Apareyi ilitazama chini, haikusogea. Taa zilikaa kando. Kompyuta iliamuru taa moja baada ya nyingine, kila moja na rangi yake, kuanzia mwanga wa ultravioleti mpaka infraredi, na kwa kila rangi apareyi ilipiga picha moja. Chini ya mwanga wa bluu wino wa mmea unakoza. Chini ya infraredi wino ule unapotea, lakini chapa ya gazeti inabaki. Basi kompyuta inalinganisha picha hizo, inafifisha gazeti, na maneno ya Nyangwe yanapanda juu. Mwaka 2011 matokeo yakawekwa kwenye intaneti na Chuo Kikuu cha California, Los Angeles.

Sisi watu wa kilimo tunaijua ile hesabu. Njo namna setilaiti inavyojua shamba limekauka: jani zima linarudisha infraredi nyingi na kunywa mwanga mwekundu, jani gonjwa sivyo.

Na maneno yaliyopanda hayakuwa yote ya kumpendeza Livingstone. Watafiti walipoyalinganisha na ile nakala, waliona kuwa kuna mambo aliyabadilisha, hasa yale yanayohusu watu aliofuatana nao mwenyewe, na waliuliza kama baadhi yao hawakuwa na mkono katika damu ya siku ile. Pia karatasi zinamwonyesha mtu mwenye hasira, mgonjwa, asiye na nguvu, kuliko yule shujaa wa vitabu tulivyosoma shuleni. Nakala ilikuwa mwanga wa mbele: inang'aa, safi, haina kivuli.

Lakini tusijidanganye. Hata karatasi zile hazitupi majina ya wale mama waliobeba samaki na unga siku ile. Flashi haiwezi kuonyesha kile ambacho hakikuandikwa. Ushahidi wetu mkubwa uliandikwa na mgeni mmoja, kwa wino wa mmea wetu, ukahifadhiwa nchi ya mbali, ukasomwa tena na wageni.

Kwa hiyo nina ombi. Nyumbani kwenu kuna sanduku la bati. Ndani kuna daftari, karatasi ya ubatizo, kitabu cha kodi, barua. Mchwa na maji havingoji. Tafuta rafiki mwenye apareyi na flashi moja. Kwa wino, weka taa mbili, kila upande moja, zikiinama nyuzi 45, ili karatasi isimetemete. Kwa kreyo iliyofutika, weka moja tu, chini kabisa, upande mmoja, kisha izungushe na upige tena. Waya ukiwa haupo, mkono wako uko huru kuitafuta ile pembe ambapo maandishi yanaamka.

Daftari ya babu sasa iko na picha 61. Nimejumlisha kilo za msimu mmoja na franka alizopewa. Hesabu ile nitaileta siku nyingine, juu ya hiyo nayo ni historia, na hakuna mgeni aliyeiandika.